Wageni Walioangukia Mkongeni: Mafunzo Sita Niliyoyapata kwa Kuchelewa

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiandika hadithi moja. Chombo kinaanguka usiku, viumbe wanne wanatoka wakiwa hai, chombo hakitengenezeki tena, na wao wanalazimika kuishi katika mji mdogo kama watu, mpaka atakapotokea wa kuwachukua. Hadithi ni hiyo tu. Nimeiandika kwa kalamu, nimeiandika kwa mashine ya kuchapa ya shule baada ya saa za kazi, na sasa naiandika kwa simu ambayo mjukuu wangu hunifungulia. Imekataliwa na wahariri watatu. Nusu yake ilitoka kwenye gazeti moja la wiki lililokufa kabla ya sura ya saba, ingawa sidhani kama mimi ndiye niliyeliua.

Wewe unayesoma haya una yako, najua. Iko kwenye daftari au kwenye simu, na utaimaliza. Nataka tu usipoteze miaka niliyoipoteza mimi.

1. Sherifu wako ni balozi wa nyumba kumi

Muswada wa kwanza niliuandika mwaka 1987, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi hapa Korogwe. Nilikuwa nimeangalia filamu ya E.T. kwenye kibanda cha video karibu na stendi, nimebanwa kwenye benchi kati ya makondakta, na jamaa mmoja aliyejidai kujua Kiingereza akitufasiria. Kile kiumbe kiliponyoosha kidole juu, jamaa akasema, "Anasema kwao mbali na nauli hana." Kibanda kizima kikacheka. Mimi sikucheka, maana kichwani nilikuwa tayari naandika kitu kikubwa. Baadaye sana ndipo nilipokubali kwamba maneno yale sita yalizishinda kurasa zangu zote za mwaka ule.

Hadithi nikaipeleka jangwani, Marekani. Nikaweka sherifu anayeitwa John, mwenye kofia pana na bastola. Nikaangusha na theluji, kwa sababu niliiona kwenye filamu nyingine, bila kujiuliza inafanya nini jangwani mwezi wa saba. Mwalimu mwenzangu wa hisabati aliusoma muswada wakati wa mapumziko, akanirudishia.

"Mwalimu, huyu sherifu kwetu ni nani? Balozi wa nyumba kumi?"

Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba sherifu ni mtu mkubwa, ana bunduki.

"Basi balozi ana kazi ngumu zaidi," akasema. "Wageni wote wa mtaa lazima apelekewe, na bunduki hana."

Nilimnunia wiki mbili. Hebu ona nilichokuwa nimekipita: kiumbe ametoka nyota nyingine, anahitaji balozi, na balozi pekee atakayempata ni mzee anayesuluhisha kesi za kuku.

Wamarekani wenyewe hawakuazima mahali pa mtu. Mwaka 1947, karibu na mji wa Roswell, New Mexico, mfugaji mmoja wa kondoo aliokota vipande vya karatasi ya kung'aa, vijiti na mpira vilivyotapakaa malishoni. Tarehe 8 Julai kambi ya jeshi ikatangaza kwamba imepata kisahani kinachoruka. Haikuchukua muda, jeshi likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga likaeleza kwamba yaelekea lilikuwa puto la mradi wa siri ulioitwa Mogul, wa kunasa kutoka juu angani dalili za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Mji haukushtuliwa na maelezo hayo. Una makumbusho ya viumbe wa angani, na taa za barabara kuu zimechorwa macho yao. Hadithi ile ilishika kwa sababu ilianguka penye kondoo wa kweli, mbele ya mtu ambaye ilibidi asafishe malisho yake kesho yake.

Yangu ilipaswa kuangukia mkongeni. Na mkonge wenyewe, ukiufikiria, ni nani? Asili yake Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika pwani yetu ikiwa hai 62 tu. Nimezaliwa katikati ya wageni waliokwama, wamepangwa mistari mpaka miguuni mwa milima ya Usambara, nami nikaenda kuwatafuta kwa John.

2. Mama alitaka kujua kama wanazika

Katika toleo la pili niliwaleta Korogwe. Nikawapangishia nyumba ya peke yao, pembeni ya mji kuelekea mto Pangani, nikatumia kurasa kumi na moja kueleza ngozi zao za bandia, dawa ya kubadilisha rangi ya macho na kidude cha sikioni cha kufasiri lugha. Nilijivunia sana kile kidude. Jioni moja nikamsomea Mama, naye akichambua mchele. Alinyamaza mpaka sura ya tatu.

"Baba," aliniuliza, "hao watu wana muda gani hapo?"

"Miezi minane, Mama."

"Na mtaani hajafa mtu miezi yote hiyo?"

Nikasema wamekufa, watu hufa.

"Walikwenda kuzika?"

Sikuwa na jibu. Akapepeta ungo, akapuliza makapi. "Basi wameshajulikana hao," akasema, na hakuuliza tena.

Nimekuja kusoma na kuona hadithi nyingi za wenzetu baada ya hapo. Ipo Resident Alien, hadithi ya picha ya Peter Hogan na Steve Parkhouse iliyoanza kutoka kama kitabu mwaka 2012 na baadaye ikawa mfululizo wa televisheni: kiumbe aliyekwama anajifanya daktari katika mji mdogo uitwao Patience. Hadithi tamu. Lakini ona inavyoanza: mtu anaishi peke yake, hatembelewi, hatembelei, na miaka inapita. Kule mtu wa namna hiyo ni mpenda utulivu. Hapa kwetu kuishi hivyo ndiyo pembe yenyewe inayokufichua. Jina lako halimo kwenye daftari la rambirambi, hukubeba jeneza hata hatua tatu, sahani ya futari uliyoletewa hukuirudisha na kitu, na ukiulizwa "kwenu wapi?" unataja mkoa tu. Ngozi ya bandia itakusaidia nini?

Nikawapeleka msibani. Hapo nikakutana na shida ambayo sayansi yangu haikuitarajia. Kiumbe wangu mkubwa ana miaka mia tatu, na uso nimempa wa kijana wa miaka ishirini. Shikamoo inatoka wapi kwenda wapi? Nilihangaika na jambo hilo mwezi mzima. Mwishowe nikaacha akosee: anaingia uani, bibi kizee anamtazama akisubiri, naye kwa mazoea ya kwao, ambako yeye ndiye mkubwa, anasema "Marahaba" kabla hajaamkiwa.

Sura hiyo ilipotoka gazetini, mama mmoja alinisimamisha kwenye mashine ya kusaga. Alitaka kujua kama bibi alimsamehe yule kijana. Kile kidude cha sikioni, mpaka leo hakuna aliyeniuliza kinafanyaje kazi. Siku hizi kabla sijaandika lolote najiuliza jirani yangu angetazama nini kwanza, na wino wangu mwingi naupeleka huko.

3. Watoto wanaoburuza miguu

Mwalimu mmoja wa kujitolea aliondoka na kutuachia sanduku la vitabu. Kimoja kilikuwa hakina jalada. Mwandishi wake ni Zenna Henderson, mwalimu wa watoto wadogo huko Arizona, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifundisha hata kwenye kambi walimofungiwa Wamarekani wenye asili ya Japani. Kuanzia mwaka 1952 alitoa hadithi za jamii aliyoiita Watu, basi. Kwao kuliangamia, vyombo vyao vikatawanyika vilipofika duniani, nao wakaishi vijijini wakificha kwamba wanaweza kupaa.

Kuna hadithi mojawapo ambamo mwalimu mgeni anawakuta wanafunzi wake wanaburuza miguu. Uwanja mzima vumbi. Watoto hawakimbii wala hawarukiruki. Wazazi wamewakataza kuinua miguu, maana mguu ukiachwa uinuke, mwili utaufuata.

Nilikifunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nimemkumbuka mtoto wa darasa la tatu, wa kambi ya mkonge, wazazi wake Warundi. Kwenye hesabu midomo yake ilikuwa ikitangulia sauti: inatembea kwanza, kimya, halafu jibu linatoka kwa Kiswahili, na karibu kila mara lilikuwa sahihi. Mimi nikamsimamisha. Nikamwambia atutajie sisi sote anachonong'ona. Akakataa. Nikasisitiza, fimbo ikiwa mezani. Akasema taratibu, akitazama sakafu, "Rimwe, kabiri, gatatu."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Tangu siku ile midomo yake ilitulia, na hesabu zake zikaharibika.

Nilikuwa nimejaza muswada wangu watu wanaopaa juu ya paa za nyumba wakitoa mwanga viganjani. Niliwashusha wote. Sasa nina msichana mmoja tu mwenye uwezo: huisikia mvua saa nzima kabla haijafika. Sura yake yote ni yeye kukaa barazani, anaisikia ikija kutoka milimani, nguo zake ziko kambani pamoja na za majirani, naye anaziacha zilowe.

Lipo jambo la mtoto yule wa Kirundi ambalo sijalisema. Nitalisema nikifika namba tano.

4. Kabla hujajiita wa kwanza, uliza

Hili ni fupi kwa sababu bado linaniuma. Mwaka 1998 gazeti lile lilipokubali hadithi yangu, nilimwomba mhariri aweke juu yake kwamba ni ya kwanza ya Kiswahili kuhusu walimwengu wengine. Akaweka, tena kwa herufi nene. Wiki ya pili mpwa wangu aliyekuwa akisoma Mombasa akaja likizo na kitabu mkononi: Walenisi cha Katama Mkangi, kilichotoka mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha angani, na chombo kinamfikisha kwenye ulimwengu mwingine wenye haki kuliko alikotoka. Livunje jina la kitabu usikie: wale ni sisi.

"Mjomba," mpwa wangu alisema kwa adabu zote, "labda walimaanisha ya kwanza Korogwe."

Hata hiyo si kweli. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jini aliyefungua duka la nguo na kuoa mjini, kwato zake ndani ya viatu vilivyong'arishwa vizuri, na hadithi ile aliipokea kwa bibi yake. Walenisi nilikisoma usiku wa kwanza kwa wivu, usiku wa pili kwa raha.

5. Sanduku la chini ya kitanda

Adui katika hadithi yangu alikuwa serikali. Nilikuwa na wanajeshi, mbwa, na helikopta iliyokuwa ikitua kwenye uwanja wa mpira kila nilipoishiwa na la kusema. Kisha nikasoma The Man Who Fell to Earth, riwaya ya Walter Tevis ya mwaka 1963. Newton ametoka sayari ya Anthea kuja kuwatafutia watu wake njia ya kuokoka. Anatua Kentucky, anaanza kwa kuuza pete kwenye duka la mji mdogo. Nilikuwa nasubiri akamatwe. Ni kweli anakamatwa, lakini anakuwa ameshapotea zamani. Kinachommaliza ni jini, yaani ile pombe, na viti laini, na siku zinazofanana, mpaka safari ya kurudi inageuka kitu cha kuzungumzia tu.

Tevis aliyajua haya mwilini. Alipokuwa mtoto huko California aliachwa hospitalini akiuguzwa, wazazi wakahamia Kentucky, na alipopata nafuu, akiwa na miaka kama kumi na moja, alipanda treni peke yake kuwafuata kwenye mahali asipopajua. Na pombe nayo aliijua.

Nilipomaliza riwaya ile niliona aibu kwa sababu nyumbani kwetu kulikuwa na sanduku la bati.

Baba alikuwa Muha wa Kasulu. Aliletwa miaka ya 1950 na Silabu, ile ofisi iliyokuwa ikikusanya vibarua wa mashamba ya mkonge. Watu wakawaita manamba, kwa namba walizopewa. Mkataba ukiisha angerudi kwao. Ukaisha, akasema mwakani. Akaoa Msambaa, akasema mwakani. Tulizaliwa sita. Kila mvua za vuli zilipoanza alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalipangusa, akalirudisha. Sisi watoto tulikatazwa kuligusa.

Alipofariki mwaka 1991 tukalifungua. Mlikuwa na blanketi, shati jeupe ambalo halikuwahi kuvaliwa, na nauli imefungwa kwenye leso: fedha za Afrika Mashariki za wakati wa mkoloni. Nchi ilitoa shilingi yake mwaka 1966. Kwa zaidi ya miaka ishirini baba yangu alilinda nauli isiyopandisha mtu treni yoyote.

Kaka yangu alitaka kucheka, akashindwa. Mimi nilikaa kitandani nimeshika leso ile, na nilikuwa bado sijaelewa kwamba hadithi yangu ilikuwa mapajani mwangu. Niliendelea na helikopta miaka mingine saba.

Sasa lile la mtoto. Kiha na Kirundi vinaelewana. "Rimwe, kabiri, gatatu" ndivyo Baba alivyonihesabia vidole nilipokuwa mdogo. Walimu wenzangu hawakujua kwamba baba yangu ni manamba. Mimi kwa wote nilikuwa Msambaa wa kwa mama. Nilikielewa alichokuwa akinong'ona yule mtoto kabla sijamsimamisha. Darasa lilipocheka, nilicheka nalo.

6. Fundi saa alikuwa na ndugu wengi kuliko mimi

Mpaka hapo niliamini kiini cha hadithi ni jinsi wageni wanavyojificha. Ukitazama, hata mafunzo matano niliyokwisha kukupa yanawahusu wao tu: wavae nini, wasalimie vipi, wazuie nini. Mji niliuacha umekaa kama pazia.

Stendi palikuwa na fundi saa. Kisanduku cha kioo, kiti cha miguu mitatu, mwavuli mweusi wenye kiraka cha kijani. Wengine walisema ametoka Burundi, wengine Kongo, wengine Msumbiji. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, cha mtu aliyejifunza kwa kusikiliza. Hakuwa na karatasi yoyote. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu mji mzima ulilijua hilo, na kwa miaka sijawahi kusikia mtu akilisema kwa sauti.

Siku moja, katikati ya miaka ya tisini, akaja ofisa na mkoba, akaanza kuuliza. Alianzia kwa muuza chai.

"Huyu? Mpangaji wangu wa siku nyingi," muuza chai akasema.

Akaenda kwa balozi. "Ni shemeji yangu," Mzee Balozi akajibu bila kupepesa macho, na mkewe, ambaye hakuwa na kaka hata mmoja, akaitikia kutoka jikoni. Kwa mshona viatu akawa binamu. Kwa mama wa machungwa akawa mjomba wa marehemu mumewe. Kinyozi alikwenda mbali zaidi, akadai walitahiriwa siku moja. Hawakuwa wamepanga. Kila mmoja alitoa undugu uliokuwa karibu mkononi, na ofisa akaandika wote, ukurasa wa kwanza ukajaa, akageuza wa pili. Fundi mwenyewe alikuwa ameinama, lenzi jichoni, akitia kishale cha dakika kwenye saa ya mtu.

Kisha ofisa akanifikia mimi. Alifurahi kumpata mwalimu, mtu wa kuaminika. "Mwalimu, wewe unamfahamu huyu?"

Nilikuwa na muswada wa wageni wanaoishi mjini kwa siri, kurasa mia mbili na kitu, kabatini kwangu. Nilikuwa mtoto wa mtu wa sanduku la bati.

Nikasema, "Simfahamu vizuri."

Ofisa alitazama daftari lake, akatazama stendi yote iliyokuwa imenyamaza ikinitazama mimi, akafunga mkoba. Hakurudi tena. Hakuna aliyenilaumu. Wiki iliyofuata nilimpelekea fundi saa yangu ambayo haikuwa mbovu. Akaifungua, akaipuliza, akaifunga, akakataa malipo, akaniuliza hali ya Mama.

Alifariki miaka mingi baadaye. Tulimzika sisi, na daftari la rambirambi lilijaa mpaka kwenye jalada. Palipotakiwa kuandikwa amefiwa nani, palizuka ubishi wa kweli kati ya muuza chai na mama wa machungwa.

Ndipo nikaanza kuandika upya, kutoka upande wa stendi. Viumbe wangu wanne hawana tena ngozi za bandia za ajabu. Wamejificha vibaya, na kila mtu ana undugu wa kuwapa. Sura ya ofisa nimeiandika mara nne. Mara tatu mwalimu anajibu vizuri: kwanza anasema ni kaka yake, kisha anasema ni mkwe wake, kisha anamjibu ofisa kwa Kiha. Ya nne ndiyo niliyompelekea mhariri.